Nyuma ya Cheti

Mgeni alifika Jumanne saa tano asubuhi, wakati fundi amepiga magoti sakafuni anakata kioo cha dirisha la watu. Kazi ya kioo haitaki kushtuliwa. Kwa hiyo aliposikia "Hodi!" kwa sauti asiyoijua, hakuitikia. Alimaliza kwanza mstari wake, akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, kikaachana vipande viwili bila kelele, ndipo akainua uso.

Mlangoni alisimama msichana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, faili amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fremu ndogo ziko kulia, kubwa ziko nyuma. Za picha za mahafali zimekwisha."

"Sikuja kutafuta fremu, baba. Namtafuta mkurugenzi."

Fundi alicheka mpaka ikambidi aweke kisu chini. Nyumba ile ilikuwa na wakurugenzi wawili, yeye na mkewe, na neno lenyewe lilikuwa mzaha wa ndani. Chakula kikichelewa, fundi huuliza kama mkurugenzi bado yuko kikaoni. Na fundi akikoroma, asubuhi mkewe huwaambia watoto kwamba mkurugenzi mwenzake alikuwa anasoma ripoti usiku kucha, tena kwa sauti.

"Mkurugenzi yuko uani anakoroga," alisema. "Pita humu humu, lakini kusanya nguo zako, vioo havina adabu."

Uani mkewe alikuwa ameinamia pipa la bluu, mikono yote miwili kwenye mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Alikuwa kwenye hatua ya chumvi. Sabuni ya maji huwa nyepesi kama chai mpaka uitie chumvi, na chumvi ikizidi kidogo tu inarudi kuwa maji tena, safari hii moja kwa moja. Hivyo alikuwa akidondosha kidogo, anakoroga, anainua mwiko kutazama uzi unavyoshuka, anadondosha tena. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha hapo. Msichana alilielewa hilo bila kuambiwa, akasimama kando akingoja, na kwa hilo tu mama wa nyumba akampenda.

"Karibu mwanangu," alisema hatimaye, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Natoka ofisi ya msaada wa sheria, ile ya juu ya duka la vifaa vya shule. Tunasaidia watu wenye biashara ndogo. Huduma yetu ni bure."

"Bure ya kweli au bure ya kuanzia?"

"Ya kweli." Msichana alitabasamu, kisha tabasamu likamkimbia. Alifungua faili, akatoa karatasi yenye majina mengi, kidole chake kikasimama katikati. "Hii ni kampuni yenu?"

Mama aliinama asome. Ilikuwa yao. Jina lenyewe walilibuni kitandani, wakabishana juma zima.

"Ni yetu. Kwa nini iko humo?"

"Hii ni orodha ya kampuni zitakazofutwa kwenye daftari la Msajili. Yenu haijapeleka taarifa ya mwaka, mwaka wa tatu huu. Itafutwa Ijumaa ya wiki ijayo."

Fundi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani na vumbi la kioo mikononi, alimwona mkewe akicheka kicheko kifupi cha mtu aliyeambiwa habari ya nyumba ya jirani.

"Mwanangu, hapo wamekosea. Mwaka wa kwanza hatukuuza hata chupa. Nilikuwa naharibu tu, muulize huyu. Mwaka wa pili niliuzia majirani. Taarifa ya nini sasa?"

"Hata kama hukuuza, mama, unaandika kwamba hukuuza. Unapeleka karatasi inayosema hakuna kitu."

"Niende ofisini kwa watu, nipange foleni, nikawaambie hakuna kitu?"

"Kila mwaka."

"Na nani aliniambia hayo?"

Msichana akaeleza, pole pole, kama anayemvua mtu bandeji. Kampuni yoyote ikisajiliwa, bahasha inayotoka huwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti. Ya pili ni barua ya Msajili inayotaja wajibu wote na tarehe zake.

"Mimi nilipata cheti," alisema mama. "Kile pale ukutani, karibu ukione. Barua sikuiona kwa macho yangu haya."

"Kama kweli haikuwafikia, kuna njia. Mnaapa wote wawili mbele ya kamishna wa viapo kwamba haikufika. Msajili anafuta adhabu ya kuchelewa, anawapa miezi mitatu ya kujirekebisha. Njia nyingine ni kukiri kosa na kuomba kulipa adhabu kidogo kidogo. Hiyo inabana, lakini inawezekana. Tatizo ni kwamba maombi yake yanapokelewa mpaka Ijumaa hii tu. Kwa hiyo nawauliza vizuri: bahasha ilikuwa na karatasi ngapi?"

"Moja," alisema mama.

"Nani aliichukua?"

"Baba watoto."

Wote wawili wakamtazama. Fundi alitazama ukutani, sebuleni, ambako cheti kilining'inia ndani ya fremu nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Sikumbuki vizuri," alisema.

Msichana aliandika. Kisha akafunga kalamu, akasema kama jambo dogo tu, "Baba, mkiikuta hiyo barua popote, kabatini, kwenye begi, popote, niambieni kabla mama hajaapa. Kiapo si kitu cha kujaribia. Utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Umeniahidi?"

"Nimekuahidi, mwanangu."

*

Alasiri mkewe alipotoka kwenda kutafuta madumu matupu, fundi alifunga mlango wa duka akageuza kibao. Akakitungua cheti.

Fremu ile aliitengeneza kwa ubao wa mvule uliobaki kwenye meza ya tajiri mmoja. Aliupiga msasa siku tatu. Wakati ule mkewe alikuwa mtu wa kufulia watu nguo, mikono imechanika kwa sabuni mbaya za wenzie, na siku aliyosema anataka kutengeneza sabuni isiyokula mikono, ndugu wa pande zote mbili walicheka. Cheti kilipotoka, fundi alitaka kitundikwe mahali ambapo kila aliyecheka angekaa akitazamana nacho.

Alikata utepe wa nyuma kwa ncha ya kisu. Akainua kadibodi. Hapo alikumbuka yote, hata kabla ya kuona: kadibodi ilikuwa nyembamba, cheti kilikuwa chepesi, mwanga ukipenya mpaka maandishi yanafifia. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine, nene kidogo. Aliiweka nyuma ya cheti ili kipate mwili. Ilikuwa ndefu kwa upana wa vidole viwili, akaikata. Alama yake ya penseli ilikuwepo bado, mstari ulionyooka vizuri, mstari wa fundi.

Barua ilikuwa na mihuri miwili. Ilitaja kila kitu. Pale tarehe za mwisho zilipotakiwa kuwa, kisu chake kilikuwa kimepita.

Alikaa chini juu ya vumbi la kioo bila kujali. Kumwambia mkewe sasa? Angesema nini? Kwamba miaka mitatu amekuwa akiifuta vumbi kila Jumamosi kampuni yake iliyokuwa inakufa nyuma ya kioo? Na akisema, kiapo kinakwisha hapo hapo, wanabaki na ile njia ya kulipa kidogo kidogo. Asiposema, mkewe ataapa, naye ataapa, adhabu itafutwa, maisha yataendelea. Barua haina mdomo. Aliirudisha mahali pake, akabandika utepe mpya, akaitundika fremu. Akainyoosha kwa kidole, kwa mazoea.

Baadaye, kila alipoirudia siku ile moyoni, haikuwa ile ya kukata karatasi miaka mitatu nyuma iliyomuuma zaidi. Ilikuwa hii ya Jumanne, na kile kidole kilichoinyoosha fremu.

*

Jumatano walikwenda ofisi ya Msajili kuomba nafasi ya kuwasilisha kiapo. Mama alivaa gauni lake la sherehe. Karani wa dirisha la nne alikuwa na kikombe cha chai na sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

"Mzee, kampuni yako inashughulika na nini?"

"Ni ya mke wangu," alisema fundi.

"Sawa, kampuni yako na mkeo. Inashughulika na nini?"

"Sabuni ya maji," alijibu mama. "Na mimi ndiye mwenyewe, mwanangu. Niulize mimi."

Karani alisoma fomu. "Ofisi kuu ya kampuni: nyuma ya duka la vioo." Akaisoma tena, taratibu, kwa faida ya foleni. "Wafanyakazi?"

"Mimi."

"Na mitambo?"

"Pipa," alisema mama. "Na mwiko."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana, kicheko cha foleni ndefu kinachotafuta pa kutokea. Mama naye alicheka nao, lakini fundi aliuona mkono wake ukilikunja pindo la gauni, unalikunjua, unalikunja tena.

"Jumatatu baada ya kuapa leteni cheti chenyewe kigongwe muhuri," alisema karani. "Si nakala."

"Kiko kwenye fremu."

"Kitoeni. Hapa hatugongi mihuri juu ya kioo, mama."

Walipotoka, badala ya kushika njia ya nyumbani, mama alimwongoza mumewe kwenye zahanati ya wazazi, akitembea haraka kama mtu anayetaka kuoga. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpokea kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyekuwa amemwahidi mkataba wa mwaka mzima, wa kwanza katika maisha ya kampuni, baada ya kuijaribu sabuni yake kwenye mikono ya wauguzi wanaonawa mara arobaini kwa siku.

"Mkataba tutausaini barua yako ya Msajili ikitoka," alisema muuguzi. "Wakubwa wangu hawanielewi bila hiyo. Ila mimi hofu yangu si mkataba, dada. Hofu yangu ni wodi. Sabuni iliyopo inanifikisha Ijumaa ya wiki ijayo. Ikivuka hapo wanawake watajifungua, sisi tunanawa maji matupu."

"Ijumaa nitaleta madumu kumi na mawili, Sista."

"Kweli? Nisitafute pengine?"

"Usitafute. Ijumaa."

Fundi alisimama nyuma yao, kofia mkononi. Alhamisi alifungua kinywa mara mbili, mara moja wakiwa wanakula, mara moja mkewe alipokuwa anamwonyesha lebo mpya za kijani zilizotoka kwa mchapaji: mapovu matatu, povu moja kwa kila mtoto. Mara zote mbili alisema kitu kingine. Ijumaa alikata vioo siku nzima, na saa za ofisi zikafika mwisho bila yeye kwenda popote.

*

Jumapili alikitoa cheti kwenye fremu. Alifanya kazi hiyo dukani peke yake, akiwasikia watoto uani wakimsaidia mama yao kusuuza madumu. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua tano kutoka alipokaa. Alitoka na barua mfukoni, akasimama karibu na jiko.

"Unataka nini hapo, mkurugenzi?" mkewe alimtania. "Chai haijaiva."

"Nilikuwa nataka moto tu."

"Na jua lote hili?"

Alirudi dukani na barua yake.

Jumatatu, ofisi ya kamishna wa viapo ilikuwa chumba chenye meza moja, feni moja isiyozunguka na viti vitatu. Msichana wa sheria alikuwa amepiga pasi nguo zake. Alisoma hati kwa sauti, wazi, bila haraka, ili mama aelewe kila neno. Kwamba wao wawili ni wakurugenzi. Kwamba walipokea cheti. Kwamba barua ya wajibu wa kila mwaka haikuwafikia kwa namna yoyote.

"Ndivyo ilivyo, mama?"

"Kweli tupu, mwanangu," alisema mama, akainua mkono wa kulia kabla hajaambiwa. Mkono ule ulikuwa laini sasa. Fundi aliutazama. Miaka mitatu iliyopita ulikuwa na nyufa unazoweza kutia uzi.

"Baba?"

Kamishna alikuwa tayari amefungua kidau cha wino. Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwanangu, kuna kitu nilikuahidi."

Akatoa barua mfukoni, akaifungua juu ya meza. Ilikuwa imeshika jasho lake. Mkono wa mama ulishuka wenyewe. Aliivuta karatasi karibu, akaitazama juu, akaitazama chini, akapitisha kidole pale ilipokatwa.

"Hii ni kazi yako," alisema. "Umeikata."

"Ilikuwa ndefu. Niliiweka nyuma ya cheti ikishikilie."

"Uliisoma?"

"Hapana. Nilisoma jina lako tu."

Kitu kililegea usoni mwa mama, kidogo, kisha kikakaza tena. "Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo."

Msichana wa sheria alikuwa anatazama kalenda ukutani, na fundi akajua anachohesabu. "Baba," alisema, "mpaka Ijumaa saa tisa na nusu maombi ya kulipa kidogo kidogo yalikuwa yanapokelewa. Fomu zilikuwa kwenye begi langu."

Hata hivyo hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa katika umri wa kuamini kwamba mlango ukigongwa vizuri utafunguliwa. Alikwenda mwenyewe kwa Msajili na ile barua, akaeleza habari ya fremu, ya ubao wa mvule, ya kadibodi nyembamba. Walimngoja nje juu ya benchi, kila mmoja kwenye ncha yake. Alirudi baada ya saa nzima, barua mkononi, macho mekundu.

"Amesema ni hadithi nzuri," alisema. "Lakini barua iliyofika imefika. Na muda umepita. Mnaweza kusajili kampuni nyingine, jina jingine, kuanzia mwanzo. Nitawasaidia, naapa. Ila itachukua wiki saba, nane. Kuanzia Ijumaa hii jina hili msilitumie popote, hata kwenye lebo."

"Pole, mwanangu," alisema mama, kana kwamba msichana ndiye aliyefiwa. "Umefanya kazi."

*

Mama alitembea mbele, gauni la sherehe likipeperuka. Walipofika kwenye kona ya duka lao alisimama, bila kugeuka.

"Ungeniacha niape?"

"Hapana. Umeona mwenyewe, nisingekuacha."

"Lakini uliniacha nilale. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Uliniacha nichekwe dirishani na wewe unajua. Uliniacha niende kwa Sista."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Alimwogopa kweli, au aliogopa kumwona akiitazama ile fremu kwa macho mengine.

"Karatasi sikulaumu," alisema mama. "Hata mimi ningeisukuma nyuma nikatazame jina. Nakulaumu siku nne. Zile nne zilikuwa zangu."

Akaingia ndani. Fundi alitamani mkewe amfokee, avunje kitu. Duka zima lilikuwa vioo. Mkewe hakuvunja. Alivua gauni la sherehe, akalikunja, akafunga kanga kiunoni, akaenda kutazama pipa lake.

Kesho yake mama alikwenda peke yake kwa muuguzi mkuu. Aliporudi, fundi hakuthubutu kuuliza, lakini aliona pipa limejazwa tena maji. Mwiko ukaanza kuzunguka.

"Mkataba?" aliuliza hatimaye.

"Umekufa. Watatafuta kampuni nyingine, mpaka ipatikane ni mwezi ujao. Bila kampuni Sista hawezi kununua kwangu hata dumu moja, wakubwa hawamruhusu."

"Sasa hii unayokoroga?"

"Ya Ijumaa."

Fundi alisogea, akainama karibu na pipa kana kwamba anataka kunong'ona. "Mama watoto, nisikilize bila kukasirika. Hiyo ni malighafi yote tuliyo nayo. Tukiipima kwa vikombe hapa mtaani, watoto wanakula miezi miwili. Ukiipeleka kule hupati hata senti."

"Najua hesabu. Mimi ndiye mkurugenzi." Mwiko ulisimama. "Nilikuwa."

Hakusema zaidi kwa sababu alikuwa amefika kwenye chumvi. Alidondosha kidogo, akainua mwiko, akatazama uzi. Akadondosha tena. Safari hii uzi ulipotaka kukatika fundi alishika mpini pamoja naye, chini ya mikono yake, akazunguka kwa mwendo wake. Mkewe hakumwambia atoke. Hakumwambia abaki pia.

"Sista alinihurumia," alisema mama, macho kwenye pipa. "Akasema, basi dada, nisikusumbue na ile Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa nilikwambia mimi, haikukwambia kampuni."

*

Ijumaa alfajiri ilipokwisha kupambazuka, madumu kumi na mawili yalikuwa yamepangwa uani, kila moja na lebo yake ya kijani. Mama alikuwa amezibandika wiki ile nyingine, kabla ya kiapo, kwa gundi nzuri aliyopewa na mumewe, ile isiyotoka kwa maji. Kwa maji kweli hazikutoka. Alijaribu kwa kucha, lebo ikachanika, povu moja likabaki limeng'ang'ania.

Fundi alileta kisu chake cha kukatia karatasi. Alipiga magoti mbele ya dumu la kwanza, akalaza ubapa wa kisu, akaanza kukwangua. Ni kisu kile kile. Wote wawili walijua. Alikwangua polepole asilitoboe dumu, na kila lebo iliyotoka aliiweka kando, juu ya kipande cha kioo, nyingine nzima, nyingine vipande. Mama alifuata nyuma yake na kitambaa chenye mafuta ya taa akifuta gundi iliyobaki. Kazi iliwachukua mpaka saa tatu.

Sebuleni, kwenye msumari ambako fremu ilikuwa, kulibaki mraba mweupe wa ukuta usioona jua miaka mitatu. Fundi alipoingia kunawa aliona mkewe ameitundika pale ile barua, peke yake, imechomwa tu kwenye msumari. Pale chini palipokatwa, alikuwa ameongeza kipande cha karatasi na kuandika tarehe zote kwa mkono, kama alivyotajiwa na msichana wa sheria. Haikuwa na kioo.

"Nikutengenezee fremu?" aliuliza, kabla hajajizuia.

"Usiiguse," alisema mama. Halafu, "Beba madumu."

Fundi alikodi mkokoteni, akausukuma mwenyewe. Njia ya zahanati ilikuwa na mteremko kisha mlima, na kwenye mlima mama aliweka bega upande wa nyuma, wakasukuma pamoja, sabuni ikicheza ndani ya madumu. Majirani waliwasalimu. "Mkurugenzi, biashara imechanganya, eeh?" aliita muuza mkaa. Mama aliinua mkono, akatabasamu, akaendelea kusukuma.

Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni. Aliyatazama madumu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena.

"Dada. Nilikwambia usijisumbue."

"Uliniambia."

Wauguzi wawili wakaja wakayabeba ndani. Muuguzi mkuu alifungua daftari la mapokezi, maana hata cha bure huandikwa, akaweka tarehe, akaandika sabuni ya maji, madumu kumi na mawili. Kalamu ikafika kwenye safu ya mletaji, ikasimama.

"Hapa niandike imetoka wapi?"

Fundi alifungua kinywa. Alitaka kulitaja jina lile mara moja tu ya mwisho, japo kwa mdomo, japo kwa daftari la watu wengine. Mkewe aligusa mkono wake, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akamnyamazisha.

"Hapo paache, Sista," alisema mama. "Andika tu kwamba imefika Ijumaa."